Chumba cha Kando ya Tangi

Mara ya kwanza sentensi ile ilipofutwa, Shabani alisema ni bahati mbaya. Mara ya pili akasema ni ujinga wa mtu asiye na kazi. Mara ya tatu, Jumatatu moja ya Machi 2014, alikaa kitandani na simu mkononi mpaka chai ikaota ngozi juu, ndipo akajisemea, "Huyu ananijua."

Sentensi yenyewe ilikuwa moja tu, katikati ya makala ndefu aliyoiandika kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuandika na yeyote anaweza kufuta. Makala ilihusu nyumba ya ghorofa mbili mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha, iliyokuwa ubalozi wa nchi mojawapo ya kwetu Afrika. Tusiitaje, wenyewe wapo. Ubalozi uliingia humo mwaka 2003, ukahamia kwenye jengo la vioo mwaka 2011, na nyumba ikabaki na mlinzi mlangoni ikingoja mwenye nyumba aamue aibomoe lini. Shabani alieleza yote: mwaka ilipojengwa, mhandisi aliyeichora, ngazi za nje zilizopinda, bendera ilikokuwa. Kisha sentensi ile: "Uani, kando ya tangi la maji, kuna chumba kidogo ambamo ubalozi ulikuwa ukiwalaza wanawake waliokimbia makazini mwao, na ukutani wameandika majina yao kwa msumari, arobaini na mawili."

Aliyekuwa akiifuta alijiita Mpitanjia. Hakugusa kitu kingine. Ngazi aliziacha, mhandisi alimwacha, bendera aliiacha. Hilo ndilo lililomtia Shabani wasiwasi. Mwizi akiingia nyumbani kwako akaipita televisheni, akachukua ufunguo wa stoo, jiulize ana nini na stoo yako.

Kwa nini mtu mzima wa miaka arobaini na sita ahangaike na jambo kama hilo? Kwa sababu Shabani Mkwizu, kabla hajawa mlinzi Doha, alikuwa karani wa maktaba ya wilaya Korogwe kwa miaka kumi na mmoja, na ukarani wa maktaba ni maradhi yasiyo na dawa. Hawezi kuona kitu kisicho na namba akalala. Kwenye kamusi elezo alikuwa na makala mia mbili na kumi na mbili, za mito ya Usambara, aina za mihogo, masoko yaliyokufa, zote kwa jina la Rafu ya Juu. Hakuna aliyemlipa wala kumjua, na hilo lilimpendeza. Mchana alikuwa mtu wa kufungua geti na kuitwa kwa kupigiwa makofi. Jioni alikuwa Rafu ya Juu, na watu wa Dodoma na Mombasa walimwandikia "mheshimiwa."

Tatizo ni kwamba lindo lake lilikuwa nyumba ileile. Siku ya kwanza kazini kampuni ilimpa karatasi akatia sahihi: mlinzi hatatoa habari yoyote ya lindo, kwa mdomo, kwa maandishi wala kwa picha, na atakayetoa atapanda ndege siku hiyohiyo. Mkewe Zuleikha na watoto watatu walikuwa wakila kwa lindo lile. Alipoiandika makala mwezi Januari alijiambia kwamba Doha ni kubwa na Rafu ya Juu hana uso. Sasa alianza kuhisi kama ana uso, na mtu anauangalia.

Jumatano Mpitanjia akaja na jambo kubwa zaidi. Akaomba makala nzima ifutwe.

"Ubalozi ni wa nchi, na nchi ina makala yake," aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano. "Jengo ni kuta na paa. Balozi akipanga nyumba, nyumba haipati umaarufu kwa kupangwa. Tukianza hivyo tutaandikia makala kila kinyozi aliyemnyoa waziri."

Wahariri wakakusanyika kama kuku walioona mtama. Wa Mombasa akasema balozi zote zina umuhimu kwa asili yake. Wa Dodoma akasema hapana, umaarufu haurithiwi, na mtoto wa shehe si shehe. Shabani alijibu kwa aya nne. Alisema kuna nyumba ambayo historia yake ni ya waliokaa sebuleni, na kuna nyumba ambayo historia yake ni ya waliolala uani. Alisema chumba kile kipo na majina yapo, yeye ameyaona.

Jibu likatoka kwa msimamizi wa kamusi, mwanamke wa Arusha aliyejiita Mama Faharasa, mkali na mwenye haki. "Ndugu Rafu ya Juu, unaijua sheria. Kuona mwenyewe si chanzo. Tupe kilichochapishwa."

Kilichochapishwa alikuwa nacho kidogo: kipande cha gazeti juu ya ujenzi wa nyumba na kingine juu ya sherehe ya ubalozi kufunguliwa. Chumba hakikutajwa popote. Nani aandike gazetini kuhusu wanawake wanaolala kando ya tangi?

Asubuhi iliyofuata, kabla mabasi ya kampuni hayajaondoka kambini Industrial Area kuwasambaza walinzi, supavaiza Njenga aliwapanga mstari. Njenga alikuwa mtu wa Murang'a, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto.

"Nimesikia watu wanacheza na simu kwa lindo," alisema. "Picha, mtandao, sijui nini. Mimi sitauliza mara mbili. Ukitaka kuwa mwandishi wa habari, rudi kwenu ukaandike."

Macho yake yalipita usoni kwa kila mtu. Shabani aliona kwamba kwake yalikaa zaidi, na wewe ungeona hivyohivyo kama ungekuwa na jambo moyoni. Ndani ya basi akaanza kuhesabu. Nani anajua kwamba anaandika? Nani amewahi kuona simu yake? Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nguo ya Shabani ilikuwa chumba cha vitanda sita, na kitanda cha juu yake alilala Wesley.

Wesley alikuwa kijana wa Kericho, mlinzi wa maegesho ya hoteli, mcheshi wa kupita kiasi. Lakini kwa wiki mbili alikuwa amebadilika. Shabani akiingia, Wesley aligeuza kioo cha simu kifuani. Akiulizwa anasoma nini, alisema "hakuna kitu." Mtu anayesoma hakuna kitu kwa saa mbili, midomo ikimchezacheza, huyo anasoma kitu. Siku hiyo jioni Shabani alimngoja mpaka wengine wakaenda kupanga foleni ya chakula, kisha akasimama mlangoni.

"Wesley, wewe ndiye Mpitanjia?"

"Mpitanjia gani tena, mzee?"

"Usinifanye mtoto. Nionyeshe hiyo simu."

Wesley alimtazama, akaona hakuna utani, akatoa simu kwa aibu. Ilikuwa imejaa michoro ya alama za barabarani na maswali ya mtihani wa leseni ya udereva.

"Nimeanguka hii tesiti mara tatu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukiambia hawa wasee, nahama hii rumu. Na hiyo kamusi yako ya Kiswahili cha ndani, mimi hata nikilipwa siwezi maliza ukurasa."

Shabani aliomba radhi. Aibu ilimshika mpaka masikioni. Lakini shaka ina tabia ya kunguni: ukiifukuza kitanda hiki, inahamia kingine. Alilala akiwa na mambo mawili zaidi yaliyokuwa yakimkera huko lindoni, ambayo mpaka siku ile hakuwa ameyaunganisha na lolote. La kwanza, maji. Tangi la uani lilikuwa likitumiwa na walinzi wawili tu kwa kunawa na kupika chai, na gari la maji lilikuwa likija mara moja kwa mwezi. Tangu Februari lilikuja kila baada ya siku kumi na mbili. Alitafuta mahali linapovuja, hakupaona. La pili, kufuli. Chumba cha kando ya tangi kilikuwa na kufuli la zamani ambalo ufunguo wake ulikaa kwenye kishada cha zamu. Mwenzake wa zamu ya usiku alilibadilisha, akasema limeshikwa na kutu, na ufunguo wa pili ataleta kesho. Hiyo kesho ilikuwa na wiki sita.

Mwenzake huyo alikuwa Joram, mzee wa Vihiga, mrefu, mwenye mvi za kuheshimika, aliyelinda mlango ule tangu siku za ubalozi. Kumshuku Joram ilikuwa kama kumshuku kasisi, na Shabani, ijapokuwa Mwislamu, hakutaka kufika huko.

Majadiliano mtandaoni yakachukua wiki nyingine. Hatimaye Mama Faharasa akaandika uamuzi, na hata aliyeshindwa asingeweza kuulaumu. "Jengo la ubalozi halistahili makala kwa kuwa ubalozi peke yake," alisema. "Linastahili likiwa na jambo lake lenyewe, ambalo lingekuwa jambo hata balozi asingelala humo. Hapa jambo ni chumba na majina. Yakithibitishwa, makala inabaki. Yasipothibitishwa, inafutwa Jumamosi."

Chini yake akatokea mtu mpya, Lenzi. "Niko Doha. Napiga picha nyumba za zamani kabla hazijabomolewa. Nimempata mwenye nyumba kwa simu, amekubali. Ijumaa saa tatu asubuhi atamtuma mtu wa kunifungulia milango yote, na kama kuna kufuli lisilo na ufunguo tutalikata. Nitapiga ukuta huo wenye majina."

Shabani aliruka kitandani akagonga kichwa kwenye kitanda cha Wesley. Picha! Hakuna atakayejua aliyeandika ni nani. Chumba kitakuwa kimethibitishwa na mtu mwingine kabisa, na majina arobaini na mawili yatakaa mahali ambapo tingatinga haliwezi kuyafikia. Alifurahi kama hajafurahi tangu aje Doha.

Kisha akaona maneno ya Mpitanjia, yaliyoandikwa nusu saa baada ya ya Lenzi. Safari hii hayakuwa na mabishano. "Ndugu Rafu ya Juu, nakuomba. Ondoa sentensi moja hiyo, umwambie asije. Mengine kama ulivyoyaacha."

Aliyasoma mara tano. Kitu kilimwasha nyuma ya shingo na hakujua ni nini.

Asubuhi ya Alhamisi alishuka kwenye basi saa kumi na mbili kasoro, kama kila siku. Joram alikuwa kibandani, amechana nywele, kofia mkononi. Makabidhiano yao yalikuwa na utaratibu ambao kampuni haikuwafundisha, Joram ndiye aliyetoka nao enzi za ubalozi. Alisimama wima akasoma: funguo tisa, taa za nje sita, viyoyozi kumi na kimoja, tangi nusu. Mwisho alitia sahihi, akasogeza daftari mbele, akasema yaleyale ambayo Shabani alikuwa ameyasikia kila asubuhi kwa miaka miwili, mpaka masikio yakaacha kuyasikia.

"Nimekukabidhi, ndugu Shabani. Mengine kama ulivyoyaacha."

Shabani alishika kalamu, kalamu ikakataa kuandika. Joram alivaa kofia, akapanda basi, akapunga mkono dirishani. Basi likaondoka.

Hasira ndiyo iliyofika kwanza. Kumbe ni huyu. Anamwita ndugu mchana, na jioni anamfuta. Na kwa nini? Kichwa kilimpeleka mbali: Joram anauza vitu vya nyumba, amevificha stoo. Joram ametumwa na Njenga. Joram anamtega afukuzwe ili lindo apewe mtu wa kwao. Alitembea uani akiwa na kila tuhuma mkononi kama mtu anayechagua fimbo. Alipofika kwenye mlango wa chumba cha kando ya tangi alitazama lile kufuli jipya, akagundua jambo ambalo mlinzi mzuri angeligundua wiki sita nyuma. Lilining'inia kwenye pete, halikufungwa.

Kusukuma mlango usio wako bila kubisha hakukuwa katika malezi yake, hata kwenye stoo, hata kwa hasira. Akagonga kwa kucha.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi jamani."

Kimya, lakini cha aina nyingine, kile cha mtu anayezuia pumzi. Akasema mara ya tatu, kwa sababu hodi ni tatu.

"Hodi humu ndani."

"Karibu," sauti ya mwanamke ikajibu, kisha ikakatika, kama mtu aliyejiziba mdomo na mkono baada ya neno kuponyoka.

Alikuwa ameketi juu ya godoro jembamba, mgongo ukutani, chini ya majina. Miaka ishirini na tano, pengine na saba. Mguu wa kushoto ulikuwa umefungwa khanga iliyopasuliwa vipande. Kando yake palikuwa na ndoo, sufuria ya Joram ambayo Shabani aliijua kwa mpini wake uliofungwa waya, na simu ndogo. Hakulia wala kuomba. Alimtazama tu.

"Wewe ni Mzee Shabani," alisema. "Joram aliniambia usiku analinda yeye, mchana ni wewe. Akaniambia nisikohoe mchana, kwa sababu wewe ni mtu wa kuandika kila kitu."

Hilo lilimwingia Shabani kuliko tusi. Alichuchumaa kizingitini ili asimsimamie mtu mwenye hofu.

Aliitwa Milcah. Alikuwa akifanya kazi za nyumbani Al Rayyan, miezi kumi na mmoja, kwa watu ambao Shabani hakutaka kusikia habari zao zote, na aliposikia nusu alimwomba aache. Usiku mmoja wa Februari aliruka ukuta, akatua vibaya, kifundo kikavunjika au kikatenguka, hakuna aliyepiga picha ya mfupa kujua. Pasi ilikuwa kwa kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini, naye alikuwa ameshamripoti kuwa mtoro. Joram alikuwa amezungumza na mtu wa ubalozi mpya. Hati ya kusafiria inaandaliwa, wamesema siku kumi. Chumba cha kulaza watu huko hawana. Akionekana barabarani kabla ya hapo atakamatwa, na akikamatwa hatajua atarudishwa kwa nani.

"Ulijuaje kuja hapa?" Shabani aliuliza. "Ubalozi ulihama miaka mitatu iliyopita."

"Nilisoma," Milcah alisema. "Kwa simu, nikiwa bafuni, nilikuwa nikijifungia huko. Niliandika ubalozi, Doha, ikaja hiyo makala. Ikasema kuna chumba kando ya tangi, wanawake waliokimbia wanalala. Sikusoma mpaka chini kule walikosema wamehama. Nikashika jina la mtaa nikaja. Joram akafungua geti."

Shabani alikaa chini kabisa, suruali ya sare kwenye vumbi. Makala mia mbili na kumi na mbili, mito na mihogo na masoko, na hakuwahi kujua kama kuna mtu hata mmoja anayezisoma. Huyu hapa msomaji. Alikuja kwa mguu mmoja. Alitaka kufurahi, akaona aibu kufurahi, kisha akakumbuka Ijumaa. Kesho saa tatu.

Nisikufiche, jambo la kwanza alilofikiri lilikuwa ngozi yake mwenyewe. Akikutwa mwanamke mtoro katika lindo lake, haitakuwa ndege tu, itakuwa jela kwanza. Angeweza kupiga simu kwa Njenga sasa hivi na kuwa mlinzi bora wa mwaka. Wazo hilo lilikaa naye kibandani mchana mzima, na alilichukia, na halikuondoka mpaka jioni Joram aliposhuka kwenye basi.

Shabani hakusoma orodha. Alisema, "Mzee Joram, mimi ndiye Rafu ya Juu."

Joram alivua kofia. Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega tu, na macho yakamlowa.

"Na mimi nilidhani ni mtu wa kampuni," alisema. "Nilidhani wamejua, wanaandika hivyo ili nitoke mwenyewe. Wiki tatu silali vizuri. Nikikukabidhi hapa asubuhi nasema, afadhali huyu ndugu yangu hana habari."

"Na mimi nilidhani unauza viyoyozi."

"Mungu atusamehe wote. Umemwona?"

"Nimemwona. Hawezi kutembea."

"Hawezi. Nimpeleke wapi, kambini kwa wanaume mia nne? Na huyo wa picha anakuja na mtu wa mwenye nyumba na mkasi wa kufuli." Joram alipangusa uso. "Niliwahi kuwafungulia wale arobaini na wawili, Shabani, mmojammoja. Huyu alipofika geti nilitaka kumwambia ofisi imefungwa. Nikashindwa."

Walisimama pale mpaka dereva wa basi akapiga honi mara mbili. Shabani aliona jinsi alivyolifunga jambo mwenyewe. Kuondoa sentensi hakukutosha tena. Lenzi hakuwa akija kwa ajili ya sentensi, alikuja kwa ajili ya chumba, na angekuja hata kwa udadisi. Akiambiwa asije bila sababu, atakuja mbio zaidi. Kilichoweza kumzuia ni kimoja, awe hana cha kuja kukitafuta.

Ndani ya basi, kati ya taa za Barabara ya Salwa, Shabani aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano: "Mimi Rafu ya Juu ndiye mwandishi wa makala hii. Nakiri kwamba chumba cha kando ya tangi nilikibuni, pamoja na majina yote. Nilitaka makala yangu ipendeze. Jengo hili ni nyumba ya kawaida isiyo na umaarufu wowote. Naunga mkono ifutwe. Hakuna mtu ndani yake."

Akasoma. Akaifuta ile sentensi ya mwisho, maana hakuna aliyeuliza kama kuna mtu, na mlinzi anajua kwamba anayejibu asichoulizwa ndiye wa kupekuliwa. Kisha akatuma.

Jibu la Lenzi lilifika kabla basi halijafika Industrial Area. "Nimepoteza wiki nzima na mwenye nyumba kwa uongo. Ijumaa yangu nitalala." La wa Dodoma lilikuwa refu na lilimkumbusha habari za debe tupu. Yote hayo Shabani aliyameza. La Mama Faharasa lilikuja usiku, na lilikuwa fupi kuliko yote. "Nilikutetea."

Ijumaa asubuhi gari jeupe lilisimama ng'ambo ya barabara saa tatu na dakika kumi. Mtu alishusha kioo, akatazama nyumba. Shabani alisimama getini, mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alitamani kweli awe ukuta. Yule mtu aliinua kamera, akapiga picha moja ya geti, akakagua kwenye kioo cha kamera, akaondoka. Mpaka leo Shabani hajui kama alikuwa Lenzi, au mpiga picha mwingine, au nani.

Jumamosi makala ilifutwa. Jumapili wasimamizi walipitia kazi zote za Rafu ya Juu, kwa kuwa mtu aliyebuni chumba anaweza kubuni mto. Juu ya kila makala, zote mia mbili na kumi na moja zilizobaki, wakabandika onyo kwamba yaliyomo hayaaminiki. Zaidi ya mia zikafutwa katika mwezi mmoja. Mito ambayo Shabani aliivuka kwa miguu akiwa mtoto iliambiwa haipo. Akaunti yake ikafungwa. Wesley alimwona akitazama simu bila kuigusa, akamletea chai, na kwa mara moja hakufanya utani.

Usiku hakulia, ila aliumia, na kilichomuuma zaidi hakikuwa jina lake. Alifikiria mwanamke mwingine, katika bafu jingine, anaandika ubalozi, Doha. Simu sasa itamletea jengo la vioo na saa za kazi.

Siku kumi zikawa kumi na tisa. Gari la maji likaja tena, na safari hii Shabani ndiye aliyemwambia dereva kwamba tangi linavuja. Mchana alibisha hodi mara tatu, akaacha mkate na mtindi kizingitini. Hawakuzungumza sana. Siku moja Milcah aliuliza, "Wewe ulikuwa unaandika ya nini?" Shabani akafikiri, akasema hajui.

Asubuhi moja ya Aprili Joram alimngoja akiwa amesimama nje ya kibanda. Alisoma orodha polepole. "Funguo kumi," akasema, akauweka ufunguo mpya wa kufuli juu ya daftari. "Taa sita. Viyoyozi kumi na kimoja. Tangi limejaa. Ndege iliondoka saa tisa usiku, alinipigia akiwa ameshakaa." Akasogeza daftari mbele. "Mengine kama ulivyoyaacha."

Basi lilipoondoka Shabani alikwenda uani. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri, na humo ndani pamefagiwa hadi pembeni, godoro limekunjwa, sufuria imesuguliwa ikang'aa kuliko ilivyokuwa tangu iundwe. Alisogea ukutani akapitisha macho kwa utaratibu, kutoka juu, kama mtu anayekagua rafu. Chini kabisa, kwa msumari, herufi bado nyeupe kwa chokaa mpya: MILCAH 2014.

Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kijitabu alichonakili majina yale miaka miwili nyuma, kwa safu tatu: namba, jina, chanzo. Alikifungua juu ya goti, akaandika arobaini na tatu, akaandika Milcah. Kwenye safu ya chanzo alisita kidogo, kisha akaandika: nimeona mwenyewe.